Kuomba Uzamili wa Media ya Kidijitali Ukiwa Mwanza

Kila ikifika Septemba simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, skolashipu gani imetoka?" Wengi wanaouliza ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza hapa Malimbe au Dar, na sasa wako redioni, wanapiga video za harusi, au wanaendesha kurasa za Instagram za hoteli. Huwa nawarudishia swali: unataka kwenda kusoma nini hasa? Hapo mazungumzo hukatika. Wengine hujibu "chochote cha media, kaka, mradi ni nje." Mtu wa namna hiyo atajaza fomu kumi na atakosa zote kumi, kwa sababu anayesoma maombi yake anatafuta jibu la swali hilohilo nililomuuliza mimi.

Nimeandika haya kwa mtu aliye Mwanza, Sengerema, Ukerewe au Bunda, mwenye shahada ya kwanza, simu janja ya wastani na kompyuta hata ya kuazima. Jipe miezi kumi na minne kabla ya siku unayotaka kuingia darasani. Ukiwa na mitatu tu, endelea kusoma, ila lenga mwaka unaofuata.

Hatua ya 1: Jua unaomba nyumba ipi

"Media ya kidijitali" ni jina moja linalobandikwa kwenye milango tofauti. Ukibisha hodi mlango usio wako, hata wakikufungulia utajuta.

Kuna nyumba ya wanahabari: kuchambua data, kutengeneza podikasti, kuhakiki picha na taarifa za uongo, kusimulia habari kwa video za simu. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kina uzamili wa uandishi wa habari wa kidijitali unaokaa hapa. Kuna nyumba ya watengenezaji: michezo ya kompyuta, programu za simu, uhalisia pepe, maonyesho ya makumbusho yanayoguswa kwa kidole. Georgia Tech, huko Atlanta, iko upande huo, na programu yake ya media ya kidijitali imekaa ndani ya skuli ya fasihi, media na mawasiliano, kwa hiyo mwanafunzi husanifu na kuandika kodi, yaani msimbo wa kompyuta, huku akisoma nadharia. Kisha kuna nyumba ya wanaofikiri na kuandika: nani anamiliki majukwaa, algoriti inaamua vipi uone nini, picha inafanya kazi gani katika siasa. Chuo Kikuu cha Amsterdam kinajulikana kwa hilo. Ukienda huko ukitegemea kushika kamera, utashika vitabu mwaka mzima. Na ipo nyumba ya masoko ya kidijitali, ambayo sina neno nayo, ila ni shule ya biashara iliyovaa fulana ya media.

Usiliamini jina la shahada. Fungua orodha ya kozi na usome maelezo ya kila moja. Tafuta vichwa vya tasnifu za wanafunzi waliotangulia. Kama katika kozi nane hakuna hata tatu ambazo ungezisoma bila kulazimishwa, funga ukurasa uende kwingine.

Halafu, usidharau kilicho mlangoni. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, ikawa chuo kikuu mwaka 1998, na mawasiliano ya umma ni fani yake ya tangu zamani. Jina la uzamili wake halina neno "kidijitali," lakini tasnifu ni yako: hakuna anayekuzuia kuandika juu ya WhatsApp au TikTok. Hali ni hiyohiyo kwenye Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kwa mwenye ajira na watoto, kulala kwake Buhongwa na kwenda darasani kwa daladala kunaweza kuwa na akili kuliko kuhangaikia viza. Mimi nilichelewa sana kulikubali hilo.

Hatua ya 2: Tafuta swali lako, na litafute hapahapa

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayobeba nyingine zote.

"Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" si swali. Ni gunia, na kila mtu anatumbukiza humo chochote. Swali lina mtu, mahali, chombo anachotumia, na kitu ambacho wewe mwenyewe hukielewi.

Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi dagaa wanapopokelewa. Usipige picha. Kaa uangalie simu zinavyotumika: sauti ya sekunde ishirini kutoka kisiwani, bei imetajwa, mtu mwingine anaisambaza mbele, mwingine anauliza "hii ni ya leo au ya juzi?" Hapo pana maswali ya kutosha tasnifu tatu. Nani anaijua bei kwanza? Mnunuzi anaaminije sauti ya mtu ambaye hajawahi kuonana naye? Sauti ya juzi ikisambazwa kama ya leo, hasara inamwangukia nani? Mtafiti wa Amsterdam hawezi kuyaona haya akiwa dirishani kwake. Wewe unayaona ukienda kununua mboga.

Au chukua Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ushindani wa ngoma kati ya vyama viwili, Bagika na Bagalu, ulikuwapo kabla ya kamera za video kufika kwetu, na leo watu wanarekodi ngoma hizo kwa simu na kuzipandisha YouTube. Wimbo uliotungwa kumshinda mpinzani uwanjani unakuwa nini ukichezwa na mtu aliye peke yake, mbali, asiyejua nani alikuwa anajibiwa? Na pesa ya matangazo ikija, ni ya aliyerekodi, ya manju, au ya kikundi?

Lipo pia swali zito ambalo watu wa ziwani hatulipendi. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Katika msiba mkubwa kama ule, taarifa na picha hutembea kwenye simu kuliko kwenye taarifa rasmi. Familia inapaswa kujua vipi, kwa nani, na picha ya marehemu ina mipaka gani? Ukilichagua hili, lichukue kwa heshima au liache.

Daraja la Kigongo–Busisi nalo lilizinduliwa Juni 2025. Miaka mingi watu walisubiri kivuko wakiuziana ndizi, vocha na habari. Watu wa kusubiri wakitoweka, habari zinabadilishana wapi?

Nunua daftari la shilingi elfu moja. Wiki mbili nzima andika kila siku kitu kimoja ulichokiona mtu akikifanya na simu, redio au kompyuta ambacho hukukitarajia. Mwisho wa wiki ya pili chagua kimoja ukiandike kwa sentensi moja. Msomee mtu asiye wa fani yetu, fundi cherehani au mama ntilie. Akikuuliza "kwani ikoje?" umepata. Akikuambia "hongera," rudi kwenye daftari.

Hatua ya 3: Tengeneza kazi tatu

Nyumba ya watengenezaji na nyumba ya wanahabari zote zitataka kuona kazi zako. Tatu zinatosha. Nimeona watu wakituma kiungo cha chaneli yenye video mia moja na arobaini. Hakuna kamati itakayozitazama, na itakayoanza nayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Angalau moja kati ya tatu itokane na swali lako. Kwa mfano wa dagaa: podikasti ya dakika nne, ramani ya safari ya bei kutoka kisiwani hadi Mwaloni, au mchoro wa programu ya simu ambayo ingeonyesha ujumbe wa sauti umerekodiwa lini. Zana za bure zipo: Audacity kwa sauti, Kdenlive au DaVinci Resolve kwa video, QGIS kwa ramani, Blender kwa umbo la pande tatu. Ukurasa wa kuziweka unaweza kuujenga bure kwenye GitHub Pages, na kujifunza kuujenga kwenyewe ni kazi ya kuonyesha. DaVinci Resolve inataka kompyuta yenye nguvu. Kama yako inapumua kwa shida, baki na Kdenlive.

Chini ya kila kazi andika nusu ukurasa: ulitaka nini, ulifanya nini kwa mikono yako, wapi ilikushinda. Hiyo ya mwisho ndiyo wasomaji wa maombi huisoma mara mbili. Kama mlikuwa watatu, sema wewe ulikuwa sauti, mwenzako kamera. Video ya harusi si aibu. Chagua dakika moja yenye uhariri mzuri, na uombe ruhusa kwa wenye harusi.

Neno la ruhusa nalirefusha kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura au sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, jitambulishe, sema ni kwa ajili ya masomo, sema itawekwa wapi na kwamba anaweza kukataa hata baadaye. Kama hasomi, mwache akubali kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, kwa Kiswahili au Kisukuma. Mwanzoni niliona haya ni mzigo. Siku moja mama mmoja muuza samaki akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," kisha akaongea saa nzima. Ukitaka kumrekodi mtoto, muulize mzazi wake.

Droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo lile wazo la kupaa juu ya Jiwe la Bismarck liwekee muda wa kibali au liache. Na ukurasa wako wa kazi usiugeuze kuwa gazeti. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, kutoa habari mtandaoni kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ada za mwanzo zilipojumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1, na kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Sampuli za kazi ni jambo moja, kurusha habari kila siku ni jingine. Ukiwa na shaka, uliza TCRA kabla, si baada.

Hatua ya 4: Karatasi

Anza na transkripti leo, hata kama maombi yako ni ya mwakani. Yangu ilitoka ikiwa imepungua herufi moja kwenye jina la ukoo, na ofisi iliyoikosea ilichukua wiki saba kuirekebisha. Linganisha jina lako kwenye cheti cha kidato cha nne, NIDA, transkripti na pasi ya kusafiria. Likitofautiana popote, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo mapema. Muhuri wa wakili kwenye nakala za vyeti upate siku hiyohiyo, uokoe nauli.

GPA. Vyuo vyetu hupima kwa 5: daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Uzamili wa hapa nchini kwa kawaida hutaka angalau 2.7. Marekani wao hupima kwa 4. Ukiandika "GPA 3.6" bila kusema ni kati ya ngapi, mwenye fomu atadhani ni alama ya juu ya Kimarekani, akifungua transkripti ataona umemdanganya. Andika 3.6 kati ya 5.0, kila mahali, na uambatishe ule ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja. Mwenye 2.7 asikate tamaa, ila ajue kwamba ufadhili mkubwa utamwendea vigumu. Stashahada ya uzamili yenye alama nzuri, au miaka ya kazi inayoonekana, humsaidia.

Kiingereza: kabla ya kulipia mtihani, soma kama chuo kinakubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vingi hukubali. Wasiokubali hutaka IELTS au TOEFL, mara nyingi IELTS ya 6.5 au zaidi, na matokeo ya mitihani hiyo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye mapema kwa furaha ukaja kuisha muda kabla ya kutuma. Mtihani wa Duolingo hufanyika nyumbani kwa kompyuta, lakini inataka chumba kimya. Jogoo wa jirani si hoja wataikubali.

Skani vyeti steshenari kwa mashine, si kwa kamera ya simu yenye kivuli cha kichwa chako. Pasi ya kusafiria iombe Uhamiaji mara tu NIDA yako ikiwa sawa.

Hatua ya 5: Watakaokupendekeza

Unahitaji wawili au watatu: mhadhiri aliyekusimamia, na mtu uliyefanya kazi chini yake. Mheshimiwa diwani anayekujua tangu utoto aache apumzike, hajui unavyoandika.

Nenda ana kwa ana. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha eleza. Mwachie ukurasa mmoja: swali lako, vyuo viwili au vitatu, tarehe za mwisho, na mambo mawili uliyoyafanya darasani kwake ambayo huenda ameyasahau. Mpe wiki sita, mkumbushe baada ya tatu, kisha wiki ya mwisho. Mfumo wa chuo humtumia kiungo moja kwa moja kwenye barua pepe yake, na vyuo vingi hutaka iwe ya kazini, yenye jina la chuo au taasisi, si ya Gmail.

Yupo atakayekwambia, "Andika mwenyewe nitasaini." Usimbishie mwalimu wako, lakini pia usiiandike. Mwambie, "Dokta, barua inaingizwa na wewe moja kwa moja, naomba nikuletee pointi tu." Pointi zenyewe ziwe za kweli na za kina kiasi kwamba akizifuata, barua inajiandika. Barua mbili zenye mwandiko wa mtu mmoja hujulikana.

Hatua ya 6: Pesa

Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Inataka saa 2,800 za kazi, na humo kazi ya kujitolea na ya muda huhesabiwa. Piga hesabu: kwa saa 35 kwa wiki ni wiki 80; kwa saa 20 kwa wiki, kama wengi wanaojitolea redioni, ni wiki 140. Kwa hiyo barua ya kituo inayotaja tarehe na saa zako iombe leo, meneja aliyekujua bado yupo. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Maombi hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Haitozi ada, anayekudai pesa ili "akuingizie" ni dalali, na hana mlango wowote anaoujua.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inalipa euro 1,400 kwa mwezi kwa hadi miezi 24, na husomi nchi moja. Kwa wanahabari upo uzamili wa uandishi wa habari, media na utandawazi unaoanzia Aarhus, Denmaki, kisha mwaka wa pili unahamia mji mwingine. Uswidi, kupitia Swedish Institute, nayo ina ufadhili unaotaka uzoefu wa kazi.

Ujerumani watu husema ni bure. Ada ya masomo kweli haipo kwenye vyuo vingi vya umma, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ila viza inataka uonyeshe pesa ya kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2024. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na mchango wa ukoo haufiki hapo. Bila DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, au mfadhili mwingine, usijidanganye kwa neno bure. Uni-assist, wanaopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi, hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linaloongezeka.

Marekani tafuta programu zinazompa mwanafunzi kazi ya kusaidia kufundisha au utafiti na kumfutia ada. Kwa uzamili ni chache, kwa uzamivu ni nyingi. Ada ya kuomba unaweza kusamehewa ukiandika na kueleza hali yako kabla ya kutuma. Watu wetu huona haya kuomba msamaha huo. Uombe.

Chuo chochote cha nje, kabla ya kulipa hata senti, hakikisha kinatambuliwa nchini kwake, maana ukirudi TCU, tume ya vyuo vikuu, ndiyo itakayotathmini shahada yako. Mtumishi wa umma aanze na ruhusa ya mwajiri.

Hatua ya 7: Barua ya dhamira

Rasimu yangu ya kwanza ilianza, "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na vyombo vya habari." Nilikataliwa, na nilistahili. Sentensi hiyo anaweza kuiandika yeyote duniani.

Anza na ulichokiona. Mfano huu naandika kwa Kiswahili, yako utaiandika kwa lugha ya chuo:

"Machi iliyopita, kwenye soko la samaki la Mwaloni jijini Mwanza, mfanyabiashara alinunua magunia ya dagaa kwa bei aliyoisikia kwenye ujumbe wa sauti. Ujumbe ulikuwa wa siku mbili nyuma. Simu haikumwonyesha, na sauti ya mtu anayemwamini ilimtosha. Ninataka kujifunza namna ya kusanifu vyombo vya mawasiliano kwa watu wanaoamini sauti kuliko maandishi."

Msomaji tayari yuko sokoni na wewe. Baada ya hapo eleza ulichokwisha kufanya, kisha useme wazi usichokijua: pengine hujui kuandika kodi, au hujui mbinu za utafiti wa mahojiano. Ndipo utaje kwa nini chuo kile, kwa kozi yenye jina na mhadhiri ambaye umesoma angalau makala yake moja. Ukitaja jina la mhadhiri ambaye amehama chuo miaka mitano iliyopita, umejiumbua. Mwisho, utarudi kufanya nini. "Kuendeleza taifa langu" haitoshi. Kufundisha sauti na data kwa redio za jamii za Kanda ya Ziwa inaeleweka.

Usimpe mashine ya akili mnemba ikuandikie. Siogopi kwamba utakamatwa. Tatizo ni kwamba mashine haijawahi kufika Mwaloni, na barua yako itafanana na ya mtu wa Lagos na wa Dhaka waliompa kazi hiyohiyo. Ikusahihishie sarufi ukimaliza, basi.

Ichapishe, isome kwa sauti. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, ikate sentensi.

Hatua ya 8: Kutuma

Saa zinatuponza. "Mwisho saa 12:00 UTC" ni saa 6 mchana kwa saa ya kimataifa, yaani saa 9 alasiri kwetu. Mtu akiona 12 akafikiria saa 12 jioni, amechelewa saa tatu. Tarehe ya mwisho ya California, dakika moja kabla ya usiku wa manane wa Desemba, kwetu ni saa 4:59 asubuhi ya siku inayofuata. Andika saa ya Mwanza kwa kalamu ukutani.

Tuma siku tatu kabla. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na intaneti ya nchi nzima ikaenda kwa kusuasua; aliyekuwa na fomu ya kutuma wiki hiyo anajua alivyosota. Majibu ya fomu yaandike kwanza kwenye faili lako kisha uyanakili, maana kurasa hizi hujifunga zenyewe ukiwa unawaza. Ukishatuma, hifadhi namba ya ombi na picha ya ukurasa wa uthibitisho.

Hatua ya 9: Mahojiano na majibu

Ukiitwa kwenye mahojiano ya video, nunua LUKU ya kutosha, weka bando la mtandao wa pili kwenye simu nyingine, na kaa chumba kisicho cha bati mvua za masika zikiwa zimeanza. Watakuuliza juu ya kazi zako kuliko juu ya historia yako. Watauliza pia nini ungefanya tofauti. Ile nusu ukurasa ya palipokushinda irudie usiku wa kuamkia. Usipoelewa swali, mwombe alirudie. Ukimya wa sekunde tano unaonekana mrefu kwako tu.

Barua ya kukubaliwa isome mpaka mstari wa mwisho. Nyingi huwa na masharti: transkripti halisi, cheti cha lugha, malipo ya awali ya kushika nafasi. Mara nyingi utapata nafasi ya chuo ukose ufadhili, na hapo wengi hulia na kuifuta ile barua pepe. Usiifute. Waandikie uombe nafasi yako isogezwe mwaka mmoja, ueleze kwamba unaomba tena ufadhili Agosti ijayo. Vyuo vingi huruhusu mara moja. Iandike kabla tarehe ya kuikubali nafasi haijapita, kwa sababu ikishapita ombi linaanza upya, pamoja na ada yake.